Karatasi Isiyo na Tarehe

Mke wangu Eugénie ni mkunga. Kwa miaka ishirini na tisa amefanya kazi katika kituo kimoja cha afya hapa Kikula, mjini Likasi, na ukitembea naye siku ya soko hufiki upesi, maana kila hatua chache kuna mama anayemsimamisha amwonyeshe mtoto. Wengine wa watoto hao wana ndevu sasa. Yeye huwatambua: huyu alitanguliza miguu, yule alikataa kulia mpaka akapigwa kofi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, niliwafundisha wengi wao kushika kalamu, lakini mimi hawanisimamishi.

Mwaka wa uchaguzi, mwezi wa nane, Mathieu alimfuata kazini. Mathieu ni mwenye malori mengi na ni mkuu wa chama kimoja hapa mjini. Watu humwita Président. Alikaa kwenye benchi katikati ya wajawazito, kofia magotini, akangoja zamu yake kama wao. Eugénie alipotoka akikausha mikono, alisimama.

"Mama, chama inakutafuta. Tunataka jina yako ku liste ya badepite ba province."

Eugénie alicheka kusikia anatakiwa agombee ubunge wa jimbo. "Minye? Minye nayua paka kuzalisha bantu, basi."

"Njo ile tunatafuta. Bantu banakuyua."

Hakumwambia sababu ya pili, ambayo mimi niliisoma baadaye. Sheria mpya ilisema chama kikijaza nusu ya orodha yake kwa wanawake hakitozwi dhamana ya kugombea. Basi mwaka ule vyama vilitembea nyumba kwa nyumba kutafuta wanawake. Walichukua mafundi cherehani, walimu, waimba kwaya. Kule Panda kuna bibi mmoja aliyejua kwamba yeye ni mgombea siku alipoona picha yake imebandikwa ukutani.

Jioni, tukila bukari, ugali wetu, Eugénie alinisimulia. Nikamwambia aachane nayo. Nadhani angeachana nayo kama si Martine.

Martine ni jirani yetu wa nyumba ya tatu. Anauza mboga, na ndiye kiongozi wa umoja wa wanawake wauza mboga wa soko letu. Yeye na Eugénie walisoma pamoja shule ya Mulungwishi, wakalala kitanda kimoja bwenini, na walipoolewa walihakikisha wanapata nyumba mtaa mmoja. Miaka miwili kabla ya uchaguzi, mume wake Mukendi alikuwa anatoka kununua makaa, amelifunga gunia nyuma ya baiskeli, lori la asidi likielekea migodi ya Kakanda likampitia, akafa. Halikusimama. Barabara yetu si ya malori. Iko barabara nyingine inayozunguka nyuma ya mji, lakini ni ndefu, ina mashimo, na wenye malori hawataki kuitengeneza. Hivyo hukata katikati ya nyumba zetu, mbele ya shule, mbele ya soko.

Martine alikuja asubuhi ya pili, hata salamu hakumaliza.

"Ukatae? Juu ya nini ukatae? Banaume bote ba ile chama beko na malori, Eugénie. Weye hauna. Kama haiko weye, nani atasema juu ya ile barabara?"

"Martine, minye siyue politike."

"Na Mukendi aliyua politike?"

Eugénie aliinuka. Alivaa koti lake la kazi, akatoka, na mchana alipita kwenye ofisi ya chama kusema amekubali.

Siku ya kusaini karatasi sikwenda naye. Nilikuwa na malaria. Jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu mimi ni mtu wa kusoma kila kitu, hata maandishi ya nyuma ya boksi la dawa. Walimwekea karatasi nyingi mezani. Iliyo ya kwanza ilikuwa ya kugombea. Nyingine ilitaja suppléant wake, yaani mtu atakayekaa kwenye kiti ikiwa yeye atakufa au kuondoka; chama kilikuwa kimeshaandika jina la Hénoc, mdogo wa mke wa Mathieu. Ya mwisho ilikuwa fupi, mistari minne. Ilisema kwamba yeye, aliyeweka sahihi hapa chini, anajiuzulu ubunge kwa sababu zake binafsi. Mahali pa tarehe palikuwa patupu.

"Hii njo nini, Président? Hata siyachaguliwa, nishaacha?"

"Ni discipline ya chama, mama. Bote banasaini. Ni juu muntu asikimbie na kiti kisha kuchaguliwa. Itabakia mu armoire," alisema akionyesha kabati nyuma yake, "utaisahau."

Wanawake waliotangulia walikuwa wamesaini. Waliomfuata walikuwa wanangoja nyuma yake. Kituoni alikuwa amemwacha msichana mwenye uchungu wa tangu alfajiri. Akasaini, akarudisha kalamu, akakimbia kazini. Hakuniambia mimi, wala hakumwambia Martine.

Kampeni ikaanza na mvua zake. Uso wa Mathieu, naye mgombea kwenye orodha ileile, ulitundikwa kwenye njia panda zote, mkubwa kama mlango. Eugénie alipewa mabango madogo ya karatasi nyepesi, na mvua ya pili iliyafuta. Lakini umoja wa wauza mboga uligawana mitaa. Wanawake walitembea na beseni kichwani, wakiuza lenga-lenga, mchicha wetu, na kumtaja Eugénie kwa pumzi moja. Martine aliniambia nichore skrini ya mashine ya kupigia kura kwenye kipande cha katoni, ili wazee wajifunze wapi watagusa. Nilichora katoni ishirini na mbili. Nilirudi kuwa mwalimu. Nilikaa kwenye vibaraza vya watu nikiwafundisha mabibi kugusa namba kwa kidole, na walicheka kama watoto wa darasa la kwanza.

Redio moja ya mtaa ilimwalika Eugénie mara moja tu. Hakusema mengi. Alisema: "Malori ipite nyuma ya mugini. Mugini iko ya bantu. Minye niliwapokea, sitaki kuwazika." Mathieu alisikia, akampigia simu kumpongeza. Naamini hata yeye aliona ni maneno mazuri tu ya kampeni.

Tulipiga kura Desemba, katika shule ileile niliyofundisha. Mwezi uliofuata matokeo yakatoka. Orodha ya chama ilipata kiti kimoja katika mji wetu, na kwenye orodha hiyo aliyekuwa na kura nyingi hakuwa Mathieu. Mathieu aliyezunguka na magari, vipaza sauti na vitenge vya chama, alipitwa mbali sana na mkunga.

Wanawake walikuja na unga, wakammwagia Eugénie kichwani mpaka nyusi zikawa nyeupe. Martine alikuwa anacheza katikati ya uwanja wetu bila viatu, analia na kucheka. Binti yake Princesse, ambaye alikuwa na mimba ya miezi sita, alisimama pembeni akipiga makofi. "Mama depite!" aliita. "Mama depite, mutoto wangu utamuzalisha weye, hata kama uko depite!"

"Nitakuya na gari ya Bunge," Eugénie alimjibu, unga ukimdondoka puani.

Siku ile alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu binti yetu Noëlla azaliwe.

Siku ya tatu Mathieu alikuja nyumbani na watu wawili wa umoja wa wenye malori. Umoja huo ndio unaolisha chama. Kila mtu Likasi anajua, ingawa haiandikwi popote. Niliwapa viti. Walikunywa soda polepole. Mmoja wao, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alianza.

"Mama, tulisikia maneno yako ku radio. Ile ya barabara. Ilikuwa ya kampanye, siyo?"

"Hapana, papa. Ilikuwa ya kweli."

"Barabara ya nyuma itatumalizia mapira yote ya malori. Safari mbili kwa siku itakuwa moya. Madereva watakosa kazi. Hao pia beko na bana."

"Nayua. Basi tutengeneze ile barabara ya nyuma. Sisi wote. Minye nitaomba Bunge, na ninyi mutie mukono."

Walitazamana. Mathieu aliweka chupa chini.

"Mama, unakumbuka ile karatasi?"

Nilimwona mke wangu akikunja vidole vyake kimoja kimoja ndani ya kitenge.

"Nakumbuka."

"Sipende kuitoa mu armoire. Kabisa, sipende. Weye ni mama yetu. Nyamaza paka juu ya ile barabara, basi; mambo ingine yote utasema."

Eugénie alimgeukia Mathieu. Kisha akasema: "Président, minye nilimuzalisha mutoto wako wa tatu. Bibi yako alimwaga damu mingi, unakumbuka? Ile siku malori yako ilikuwa imefunga barabara. Gari ya wagonjwa ilichelewa."

Mathieu alikumbuka, nilimwona. Aliinamisha kichwa. Lakini yule mnene alikuwa ameshasimama, na Mathieu alisimama baada yake. Mlangoni aliniambia: "Mwalimu, ongea na bibi yako."

Ndipo Eugénie aliponieleza ni karatasi gani. Nilipiga kelele. Kwa miaka thelathini na moja ya ndoa sikuwahi kumpigia kelele namna ile. Nilimuuliza anawezaje mtu mzima kusaini kifo chake na kuacha tarehe wazi. Hakujitetea. Alisema tu: "Nilikuwa na muntu mu uchungu, papa Noëlla."

Jumapili baada ya kanisa tulimwita Éphraïm, wakili kijana anayeimba sauti ya chini katika kwaya yetu. Martine naye alikuja. Éphraïm alisikiliza, akauliza mara mbili kama Eugénie alibaki na nakala. Hakubaki nayo.

"Mama, iko njia moya," alisema. "Watakuuliza: hii signature ni yako? Useme hapana. Basi. Neno moya. Wenyewe ndio watalazimika kuonyesha kama ni yako. Watatafuta wataalamu, watapeleka kesi, na wakati huo weye utakuwa umekaa ku kiti."

"Lakini ni yangu."

"Nayua, mama."

Martine alivuta kiti chake karibu. "Eugénie. Beye banadanganya kila siku. Banadanganya asubuhi, banadanganya mangaribi. Weye neno moya tu. Neno moya, na malori itatoka mbele ya mulango yangu."

Na mimi, niliyewapiga watoto fimbo kwa sababu ya uongo, nikasema: "Sema hapana, mama Noëlla. Mungu ataelewa."

Eugénie alitusikiliza wote. Kisha alisimulia jambo ambalo hata mimi sikuwa nalijua. Akiwa kijana, katika kazi yake ya kwanza, mbali na hapa, mtoto alikufa mikononi mwa daktari kwa uzembe. Daktari alimwambia aandike kwenye daftari kwamba mtoto alizaliwa akiwa amekufa. Aliandika. Miaka mingi baadaye mama yule alimkuta sokoni, akamwuliza taratibu: "Mutoto wangu alilia ao hakulia? Minye nilisikia kama alilia. Beye balisema niliota." 

"Nilimuambia aliota," Eugénie alisema. "Nilikuwa nishaandika. Akaniamini, akaenda. Tangu ile siku niliapa mukono wangu na kinywa changu havitaachana tena. Sitaweza, Martine. Nisamehe. Sitaweza."

"Basi utatuua kwa ukweli yako," Martine alisema, na akatoka bila kuaga.

Lubumbashi, penye Bunge la jimbo, tulikwenda na gari la Éphraïm. Kikao cha kuthibitisha wabunge wapya kilikuwa kimefika kwenye jina lake. Mzee mmoja mwenye miwani, mwenye adabu, alimwonyesha ile barua. Sasa tarehe ilikuwepo, imeandikwa kwa wino mwingine na mkono mwingine, ya wiki ileile.

"Mama, hii sahihi ni yako?"

Mimi nilitazama mgongo wa mke wangu, ile blauzi yake ya Jumapili iliyopigwa pasi na yeye mwenyewe alfajiri.

"Ni yangu," alisema. "Lakini tarehe si yangu. Niliisaini zamani, mbele ya kuchaguliwa. Minye siachi kiti. Watu wa Kikula balinituma."

Walimwachia aeleze mpaka mwisho. Akaeleza vizuri, kwa sauti isiyotetemeka. Kisha mwakilishi wa chama alisimama, akasema mama ni mchovu, familia inajua, chama kinamheshimu sana. Barua ilikuwepo, sahihi ilikuwepo, na mwenyewe alikuwa ameikiri mbele ya wote. Kabla ya saa sita Hénoc, yule suppléant, alikuwa anapigwa picha. Éphraïm alisema atakata rufaa, na aliiandika kweli, lakini alijua, na sisi tulijua, kwamba ungamo lile litasomwa kila mahali atakapokwenda.

Njia yote ya kurudi Likasi sikumsemesha. Alitazama dirishani. Tulipokaribia nyumbani alisema: "Uko na njala?"

Maneno yalifika Kikula kabla yetu. Nani ataamini kwamba mtu ameshinda kiti, ameulizwa swali moja, na amejibu jibu linalomwondoa? Watu walitafuta maelezo yanayoeleweka, na lililoeleweka lilikuwa moja: ameuza. Mkunga ameuza kura zetu kwa wenye malori. Bahati mbaya, mwezi huohuo mabati yakafika. Noëlla, anayefanya kazi Kolwezi, alikuwa ametuahidi tangu mwaka uliopita kututumia mabati mapya, na gari liliyashusha mbele ya nyumba yetu mchana kweupe, majirani wote wakiangalia. Usiku uleule nyumba yetu ikapewa jina: Nyumba ya Kura. Sikuyapandisha. Niliyaegemeza ukutani, na mvua za Machi zikatunyeshea kitandani.

Kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme, kwa kuwa habari hizi si zake peke yake. Siku moja nilikuwa nakunywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na wanaume wenzangu, mmoja akaniuliza: "Mwalimu, beye balikupatia nini?" Ningeweza kusimama nikawaeleza yote. Nilikuwa na maneno. Maneno ndiyo kazi yangu. Nilicheka. Nilicheka kama mtu mwenye siri, kwa sababu niliona ni afadhali wanione mume wa mwanamke mjanja kuliko mume wa mwanamke mjinga. Kicheko kile kilitembea mtaani kikawa ushahidi.

Wajawazito wakaanza kupungua kituoni. Walikwenda Panda, walikwenda Shituru, wengine walijifungulia nyumbani. Eugénie aliendelea kwenda kazini kila asubuhi na koti lake. Alichemsha vyombo ambavyo havikuwa vimetumika. Hénoc hakuwahi kutaja barabara, na malori, ambayo zamani yalipumzika kidogo wakati watoto wanatoka shule, sasa hayakupumzika. Sokoni, wanawake wa umoja waligeuza migongo akipita. Martine hakugeuza mgongo. Alimtazama usoni kama unavyomtazama mtu usiyemjua, na hilo lilikuwa baya zaidi. Eugénie akaacha kwenda kununua mboga, nilikwenda mimi.

Mwezi wa nne, siku ya Jumanne, Princesse alishikwa na uchungu saa mbili asubuhi. Martine aliita pikipiki impeleke Panda. Walipita mbele ya lango la kituo cha Eugénie, mlinzi aliwaona. Mbele ya soko malori mawili yalikuwa yamekutana uso kwa uso, hakuna anayerudi nyuma, na foleni imefunga njia pande zote. Yule wa pikipiki alijaribu kupenya kando ya mtaro. Hakuweza. Princesse alisema hawezi tena kukaa, akashuka, akalala chini kwenye udongo mwekundu ukingoni mwa barabara. Wauza mboga waliacha meza zao, wakamzunguka na vitenge.

Mmoja wao, sijui ni nani, alikimbia kituoni. Eugénie alitoka mbio na mfuko wake. Ana miaka hamsini na sita na goti moja bovu, lakini wanasema hawakuwahi kuona mtu akikimbia vile. Alipofika, wanawake walifungua vitenge wakampisha bila neno. Mtoto alikuwa ametoka, kitovu kimemzunguka shingo mara mbili. Alikifungua. Alipuliza pumzi kinywani mwa yule mtoto, akasugua mgongo, akapuliza tena. Honi zilikuwa zinapigwa. Aliendelea muda mrefu, mpaka Martine mwenyewe alimshika bega na kusema, "Basi."

Alikuwa mtoto wa kike. Walimzika siku ileile, mchana, bila watu wengi, kama tunavyowazika wachanga.

Jioni Eugénie alirudi akakaa kwenye ngazi ya nyuma. Nilimletea maji ya kunawa. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Nikakaa karibu naye, na hatimaye nikamwambia kuhusu kicheko changu pale kwenye munkoyo. Alinisikiliza.

"Nilisikia," alisema. "Balisha kuniambia zamani."

"Na haukusema kitu?"

"Ningesema nini, papa Noëlla? Na weye ulikuwa umechoka."

Siku ya tatu aliamka akavaa, akachukua mfuko wake. Aliniambia anakwenda kwa Martine. Nilimwambia watamfukuza. Alisema inawezekana. Nikamfuata, kwa sababu sikutaka afukuzwe akiwa peke yake.

Martine alikuwa amekaa mlangoni kwenye mkeka. Alikuwa amezeeka katika siku tatu. Eugénie alisimama mbele yake. Mimi nilibaki hatua chache nyuma, kofia mkononi.

"Alitaka kuya kwako," Martine alisema bila kuinua macho. "Tulipita pale ku lango, akaniambia: mama, tuingie kwa mama Eugénie. Minye nilimukataza. Nilimuambia dereva asisimame."

"Nayua. Mulinzi aliniambia."

"Minye nilimukataza, Eugénie."

"Nayua."

Martine aliinua uso sasa. "Na weye ungesema ile neno moya. Moya tu. Malori ingekuwa inapita nyuma."

"Nayua pia," mke wangu alisema. "Kila siku nayua."

Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha. Ndani ya nyumba tulisikia Princesse akiugulia. Eugénie aligeuza kichwa, akasikiliza kidogo, kama fundi anavyosikiliza mashine.

"Maziwa imefika?"

"Tangu jana," Martine alisema. "Kifua imekuwa kama jiwe. Hata nguo ikimugusa analia."

"Uko na kitambaa ya upana? Ya pamba, siyo ya kuteleza."

Martine alifikiri, kisha akasogeza miguu yake kutoka mlangoni. Haukuwa mwaliko, lakini njia ilifunguka. Eugénie alivua viatu akaingia. Baada ya muda Martine naye aliinuka kwa kushika ukuta, akaenda kutafuta shuka. Mimi nilitumwa maji ya baridi. Nilipoyapitisha kwenye pazia niliona Princesse ameketi kitandani, mikono juu, na wale wazee wawili wamemzunguka, mmoja akishika ncha ya shuka, mwingine akilivuta na kulikaza kifuani kwake taratibu, mzunguko juu ya mzunguko, ili maziwa yakubali kukauka. Princesse aliegemeza paji la uso kwenye bega la mke wangu akaanza kulia kwa sauti, na Eugénie hakuacha kufunga.

Nilirudi nyumbani peke yangu. Eugénie alikuja jua linapotua. Nilimuuliza kama Martine alisema kitu.

"Hakusema," alijibu. Alining'iniza mfuko kwenye msumari, akakaa, akasugua goti lake. "Kesho nitarudi. Ile kitambaa itapaswa kukazwa tena, na niangalie kama hana homa."